Jiwe la Bi Jesi

Deira, Dubai, 12 Oktoba 2023

Mjukuu wangu Afra,

Assalamu alaikum. Mimi mzima. Goti la kushoto tu ndilo halitaki kunitii, nami silitii, tunakwenda hivyo hivyo. Baba yako Faris mzima, anaongezeka tumbo. Ami yako Amour yuko kule kule Silicon Oasis na kompyuta zake; kila Ijumaa huja kula pilau na kuondoka na bakuli langu, halafu bakuli halirudi. Paka wa ghorofa ya pili kazaa tena kwenye kabati la mita za maji.

Usishangae kupata karatasi. Simu hii kaninunulia baba yako, na yeye ndiye anayeifungua. Sauti zako anazisikiliza kabla sijazisikia mimi. Sanduku la posta la familia liko ofisini kwake. Kwa hiyo andika kwa sanduku lililo nyuma ya bahasha, ni la Dorcus, Mkenya wa ofisi ya kago iliyo chini ya jengo letu. Ananiita shosho, ndiyo bibi kwao, nami nimekubali. Barua akiipata atanipandishia ndani ya mfuko wa mboga.

Umeuliza habari za mama yangu. Sasa uko mji wake, haki yako kujua.

Jina lake Jessie. Unguja wakamwita Bi Jesi kwa sababu ulimi haukutaka kazi zaidi. Hapo Dundee alikuwa msichana wa kiwanda cha magunia. Baba yangu alikuwa mtia makaa katika meli za Waingereza, meli yao ikaleta nyuzi za magunia, na wakaonana. Mwaka 1949 akamleta Unguja. Akasilimu, akavaa kanga, akajifunza ukunga kwa wazee wa mtaani. Kiswahili chake mpaka anakufa kilikuwa na mawe ndani. Baba alipouawa mwaka ule wa mapinduzi, akanishika mkono tukaja huku Deira, na hapa akazalisha nusu ya watoto wa watu wetu.

Shule sikuingia. Bibi mzaa baba alisema nyumba hii ina Mzungu mmoja, anatosha. Herufi alinifundisha Bi Jesi mwenyewe, kwenye meza ya kukatia vitunguu, ndiyo maana mwandiko wangu unaliza mtu.

Jambo langu ni hili. Kila mwezi mama aliwaandikia kwao. Mimi nikilamba stempu. Hawakumjibu hata mara moja, na hakuacha, mpaka mwezi aliokufa. Watafute watu wake, Afra. Uwaambie kafa Muislamu, kazikwa Al Quoz, na kawakumbuka mpaka mwisho. Basi.

Vaa soksi mbili.

Bibi yako, Masuda


Dundee, 19 Novemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, soksi nimevaa tatu. Masomo ya uuguzi magumu lakini nayaweza. Wiki hii nilikuwa wodi ya wazee, mmoja kanishika mkono asubuhi nzima akidhani mimi ni dada yake. Msalimie ami Amour, mwambie arudishe bakuli.

Nimewatafuta watu wa Bi Jesi. Mtaa wake umevunjwa, pamekuwa maegesho ya magari. Nikaenda kanisa la karibu nikauliza, na mzee mmoja akanielekeza kwa mpwa wake Bi Jesi, binti wa kaka yake. Mwanamke wa kama miaka sabini, peke yake, nyumba safi. Kanipa chai. Nilipotaja Jessie akasema, "Shangazi Jessie alikufa kabla sijazaliwa." Nikamwambia hapana, kafa Dubai, mwanawe yuko hai. Akavaa koti lake, akanipeleka makaburini.

Bibi, liko jiwe. Limeandikwa baba yake, mama yake, na chini: Jessie, binti yao, 1949.

Nikamuuliza kama kuna mtu ndani. Akatazama viatu vyake. Akasema babu yake alisema kaburi hilo halihitaji mtu ndani.

Nikauliza habari za barua. Akasema zilikuwa zikija. Babu yake alizitia motoni bila kuzifungua, ila watoto wakiruhusiwa kukata stempu kwanza. Wakizigombania, zile zenye picha ya karafuu. Stempu ulizolamba wewe.

Tuliporudi, mlangoni pake kanishika kiganja akaniomba nisije tena. Hakuwa mkali.

Sikujua nitarudije na mvua ile. Bahati kuna mtu alinisindikiza siku ile, akanishikia mwavuli.

Nisamehe kwa habari hii. Uliitaka.

Afra wako


Deira, 9 Desemba 2023

Afra, mama yangu,

Salamu. Goti vile vile. Faris kabadilisha gari, analipapasa kama farasi. Dorcus kapata jino bovu, nimempa karafuu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaosha mchele, nikaisoma tena.

1949 ndio mwaka alioshuka Unguja na sanduku moja. Kumbe siku hiyo kwao wanachonga jiwe. Basi mimi nimezaliwa na maiti. Nimefundishwa kusoma na maiti, na ile maiti ilinipiga kofi siku nilipounguza maharage. Kwa sababu gani? Kwa sababu kaolewa na mtu mweusi wa dini nyingine. Wakaona heri jiwe.

Sikulia. Nilikasirika mpaka jasho likanitoka na kiyoyozi kinawaka. Huyo mpwa wake usimchukie. Kuna watu wamelelewa na kaburi tupu, hawana pa kuanzia.

Lakini nikwambie wewe kitu, na ukiweke mahali. Mimi mtu aliye hai simwandiki kwenye jiwe. Ufanye utakalofanya. Ukija hapa na pembe kichwani nitakuuliza kama umekula.

Sasa. Kuna mtu kakushikia mwavuli. Mwavuli una mkono, mkono una mwenyewe, na mwenyewe ana mama yake. Mwana wa nani?

Bibi yako, Masuda


Dundee, 28 Januari 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumai goti limepungua. Huku theluji imelala mitaani, nimeanguka mara mbili, mara ya pili mbele ya darasa zima. Mitihani nimepita.

Baba kanipigia. Kumbe kamuahidi yule mshirika wake wa biashara kwamba nikimaliza nitaolewa na mwanawe. Sijaulizwa. Nikamwambia sitaki, akapaza sauti, na mimi nikapaza. Simu yangu nimeifunga kwa namba zote za nyumbani. Si kwa ajili yako, unajua. Kwa hiyo karatasi hizi ndizo tulizonazo.

Umeuliza habari ya mwavuli. Ni mwenzetu, bibi. Anasema Kiswahili kizuri. Nilikuwa kituo cha basi, basi limenipita, nikalilaani kwa maneno uliyonifundisha wewe, na mtu nyuma yangu akacheka. Ni hivyo tu. Ana adabu, anaswali, ana kazi.

Mengine nitakuandikia yakiwa tayari kuandikwa.

Afra


Deira, 17 Februari 2024

Afra,

Salamu zote, wote wazima, tusipoteze wino.

Faris nimemwita nikamwambia binti hagawiwi kama viti vya harusi. Kanuna. Atachoka kununa.

Sasa wewe. Nimekuuliza mwana wa nani, umenijibu anaswali. Sikukuuliza kama anaswali. Mwenzetu, sawa. Wenzetu wangapi? Wa Unguja, wa Pemba, waliopita Mombasa, waliokaa hapa Deira wakahamia Maskati? Jina lake nani, baba yake nani, bibi yake nani?

Usidhani nauliza kwa umbea, au kwamba nataka kujua wana mali au rangi gani. Hayo yalimla mama yangu, siyaweki mezani kwangu. Sisi tulioishi hapa zamani tuna sababu nyingine ya kuuliza. Watoto walizaliwa mikononi mwa mama yangu, na wengine walipita mikononi mwangu. Nipe jina tu. Likiwa ni jina nisilolijua, nitakwambia olewa, na nitakuja na goti langu hili nipige vigelegele kwenye theluji.

Likiwa ninalijua, nitakwambia pia.

Jibu upesi. Barua zako zinachelewa, na mimi si mtu wa kusubiri.

Bibi yako, Masuda


Dundee, 15 Machi 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku magharibi inaingia mapema kuliko nilivyoogopa. Nafuturu tende na uji wa shayiri. Nimekumbuka kaimati zako mpaka machozi.

Nilichelewa kwa sababu niliogopa. Ningekutajia jina ungemwambia baba, si kwa kusudi, kwa hasira tu, na baba angekuja. Sasa nakutajia.

Anaitwa Munir bin Bassam. Kazaliwa hapo hapo Deira mwaka 1996. Mama yake alikufa yeye bado mchanga, bibi yake mzaa baba akamchukua Maskati, huko kakulia. Bibi yake amefariki. Anafanya kazi ya mashine za upepo baharini huku. Ni mpole kuliko mimi, nadhani ndilo ulilotaka kusikia.

Bibi, tumeamua. Baada ya Idi, Ijumaa ya tarehe 19 Aprili, hapa msikitini. Imamu atasimama walii wangu wa kuniozesha kwa kuwa baba amekataa kunisikia. Sitaki sherehe. Nataka neno lako tu.

Ukiwa hutaki, niandikie hapana, neno hilo moja, nami nitasimama. Nakuapia. Usipoandika kitu, nitajua umeridhia, kama mwari anavyoulizwa akanyamaza na shehe akaandika kwamba kakubali. Najua hupendi kuandika maneno matamu. Kwa hiyo nyamaza tu, nitaelewa.

Niombee.

Afra wako


Deira, 6 Mei 2024

Afra, mwanangu,

Salamu leo fupi. Kaa kitako kwanza.

Dorcus alikwenda kwao likizo mwanzo wa Machi. Alikuwa arudi katikati ya Aprili. Ndiyo ikaja mvua ile, uwanja wa ndege ukafungwa, na alipofika akakuta maji yameingia ofisini, wakawa wanakausha makaratasi ya watu siku nyingi kabla mmoja wao hajakwenda posta. Barua yako kanipandishia jana alasiri. Nikaona jina. Halafu nikaona ile Ijumaa.

Hapana. Neno uliloliomba ni hilo. Limefika mtu ameshaolewa.

Ningeweza kumwambia Dorcus akupigie kwa simu yake. Lakini jambo hili halipiti kinywani mwa mtu mwingine.

Mwaka 1996 mama yake Munir alikuwa hospitali, hali mbaya, na mtoto nyumbani kwa bibi yake, jengo la pili kutoka letu. Bibi yule alikataza mwanamke yeyote asimnyonyeshe. Mtaa ulikuwa na mabinti wengi, na alitaka mjukuu wake akikua achague, asije akaambiwa huyu dada yako na huyu dada yako. Mtoto akapewa maziwa ya kopo. Akayatapika. Akawa ngozi na macho, mpaka bibi yake akamkabidhi mama yangu, mkunga, amuuguze kwetu.

Mimi nilikuwa na Amour kifuani. Mama yangu akaja na furushi, nikadhani nguo. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile, "Masuda, toa ziwa. Maziwa ni maziwa." Kwao maziwa ni maziwa. Nikamwambia, mama, huku maziwa ni damu. Akasema, "Kesho atakuwa kafa, utampa damu gani?"

Nikampa. Amour huku, Munir huku. Tangu mfungo mosi, Ramadhani imetoka tu, mpaka Idi Kubwa, usiku na mchana, kila akilia, mpaka akanawiri, mpaka akawa ananivuta nywele. Bibi yake akaambiwa kopo jipya limemkubali. Mama akaniapisha nisimwambie, maana yule bibi angemnyakua siku hiyo hiyo, na mtoto alikuwa bado dhaifu. Mama yake akafa, wakahamia Maskati, nami nikajua sitamuona tena. Nikawa nikimuombea pamoja na wanangu.

Sijutii. Angekufa.

Lakini kwa sheria yetu aliyenyonya kwangu ni mwanangu. Munir ni mwanangu, Afra. Ni ndugu wa baba yako. Ni ami yako kama Amour alivyo ami yako. Ndoa hiyo haiko.

Bibi yako, Masuda


Dundee, 3 Juni 2024

Bibi,

Sina salamu.

Nimeisoma barua yako chooni hospitalini, kisha nikarudi wodini nikapima watu presha. Munir hajui. Kila akirudi kutoka baharini ananiuliza kwa nini nimekonda.

Nina mimba.

Nilimpigia shehe mmoja wa London bila kutaja jina. Kasema lazima iwe mara tano za kushiba, kasema kuna habari ya mashahidi, kasema maulamaa wamehitilafiana. Ulihesabu, bibi? Nani alikuona? Bi Jesi kafa. Bibi yake Munir kafa. Hakuna mtu duniani anayejua ila wewe.

Mimi sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme kitu. Ulishanyamaza miaka ishirini na nane, ongeza kidogo tu, mpaka ufe, unisamehe kwa neno hilo. Nyamaza na sisi tuishi.

Uliniandikia kwamba mtu aliye hai humwandiki kwenye jiwe. Basi hili ni nini? Wao walimuua Bi Jesi kwa ajili ya ndoa, na wewe unaniua mimi kwa ajili ya ndoa. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa wakimpenda.

Afra


Deira, 20 Juni 2024

Afra, roho yangu,

Idi imepita. Nilipika, wakala, sikumbuki walichokula.

Barua yako nimeisoma. Maneno ya mwisho nimeyasoma zaidi ya mengine. Una haki ya kuyasema. Mimi niseme watu, halafu nikatae kusemwa?

Unaniuliza kama nilihesabu. Hakuna mama anayehesabu. Unaniuliza nani aliniona. Mungu aliniona, na Amour, ambaye alikuwa akimpiga mateke mwenzake ili abaki na maziwa yote mawili.

Ningeweza kunyamaza. Usidhani sikulifikiria, nimelifikiria mpaka nikasahau kuswali alasiri, jambo ambalo halijanitokea tangu nilipozaa. Lakini si mimi ningeishi na jambo hili, mimi nakufa kesho. Ni wewe. Ungelala naye kila siku ukijua, naye hajui. Akikukumbatia ungejua. Mtoto akiugua ungejua, na ungesema ni kwa sababu hiyo. Akikukosea neno dogo tu ungetaka kumtupia usoni. Ningekuwa nimekuzika hapo, wewe na yeye, kwenye kaburi lililo na watu ndani.

Kwa hiyo mwambie. Ukishindwa kusema, mpe ile barua yangu ya Mei aisome mwenyewe. Baba yako sitamwambia kitu mpaka uniruhusu.

Mtoto asikutishe. Mtoto ana baba, ana jina la baba, hana doa. Mliingia hamjui. Muulize shehe wako na hilo, atakwambia vile vile, hawakuhitilafiana. Wewe utakaa eda mpaka ujifungue.

Na uje ukae hapa. Chumba chako nimekipiga rangi, rangi mbaya, Amour ndiye aliyechagua. Faris niachie mimi. Nilimzaa, najua pa kumfinya.

Umesema wao hawakumpenda. Mimi sijui. Mtu asiyependwa hachongewi jiwe zuri. Lakini hawakumfungulia mlango, na mimi wangu uko wazi, na hiyo ndiyo tofauti.

Bibi yako, Masuda


Deira, 8 Septemba 2024

Afra,

Salamu. Goti limezidi, nimepewa fimbo, nimempiga nayo Amour.

Hii ya tatu tangu Juni. Sijui kama zinafika. Dorcus anaapa kazituma zote.

Tumbo limekuwa kubwa sasa. Usibebe vitu, usilale chali. Kula samaki.

Masuda


Deira, 24 Novemba 2024

Mjukuu wangu Afra,

Assalamu alaikum. Joto limepungua, madirisha tumefungua. Faris nimemwambia umeolewa na una mimba, nisamehe, tumbo halifichiki na mimi si mtu wa kuficha zaidi ya ninavyoweza. Mengine sijamwambia. Alikwenda akakaa ndani ya gari lake saa nzima. Akarudi akaniuliza kama huko kuna hita nzuri. Nikamwambia amuulize mwenye hita.

Munir alikuja jana.

Anahamia Maskati, kapata kazi huko, akapitia hapa. Niliposikia hodi nikachukua buibui, halafu nikalirudisha kwenye msumari. Nikafungua kichwa wazi. Yeye akainamisha macho haraka, mtoto ana adabu, hukuniongopea. Nikamwambia, "Inua macho. Nywele hizi ulizivuta huna hata jino."

Akainua. Afra, macho ni yale yale ya kwenye furushi.

Akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu wa kukagua gesi. Akasema, "Sijui nikuite nani."

"Amour ananiita mama. Siku nyingine ananiita polisi. Chagua."

Akacheka, kicheko kikakatika katikati. Nikampakulia wali na papa. Alikula. Kwanza kwa heshima, halafu kwa njaa. Amour akaja, nilikuwa nimeshamwambia, wakakaa bega kwa bega, wakazungumza mpira. Nikawatazama. Huku mmoja, huku mmoja.

Kaniambia kwamba wewe ndiye uliyempa barua yangu. Kwamba ulimpa mkononi, ukasimama dirishani akaisoma, na alipomaliza akavaa koti akaenda kulala kwa mwenzake wa kazi, na tangu hapo hajakuvukia kizingiti ila kukuletea vitu vya dukani na kuviacha mlangoni. Kwa hiyo hukunijibu, lakini ulimpa. Ulikuwa na njia ya kutompa. Hilo nimelisikia, na nimeliweka mahali pake.

Halafu akauliza, "Mama, mtoto ataniita nani?"

Nikamwambia, baba. Wewe ndiye baba yake.

"Na Afra?"

Nikamwambia, Afra atakuita ami.

Akaweka kikombe chini pole pole, kama kimejaa, na kilikuwa kitupu. Nikaona nimtulize. Nikamwambia sasa hakuna atakayewazuia kuonana, mnaweza kukaa chumba kimoja, kusafiri gari moja, mlango wazi, mlango umefungwa, mpaka uzeeni, hakuna atakayesema neno. Nilidhani ni faraja. Alinitazama kama mtu aliyepigwa, Afra. Miaka sabini ninasema kila linalonijia, jana ndiyo nimejua lipo lisilosemwa hata likiwa kweli.

Alipoondoka kanibusu mkono. Kasema atakuja Idi. Bakuli langu kalirudisha yeye. Alilikuta kwenye gari la Amour.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kama barua zangu zinakufikia. Akasema hajui. Mwenzako anayekaa nawe sasa kamwambia kuna bahasha unazitoa kisandukuni mwenyewe, unaziweka chini ya mto. Hajui kama umezifungua.

Sawa. Zilale hapo.

Nilikuwa nimemuuliza mama yangu siku moja, mimi msichana, tumeshafika huku Deira, kwa nini anawaandikia watu wasiojibu. Alikuwa anakata kitunguu. Akasema, "Wao wamemaliza. Mimi sijamaliza." Nikaona ni mjinga. Nikalamba stempu.

Sasa mimi ndiye ninayeandika Dundee. Nimelelewa kwenye kazi hii, naijua. Mwezi ujao nitakuandikia, na Januari, siku zako zikikaribia, nitakuandikia mara mbili. Usipojibu nitaandika. Ukizitia motoni nitaandika. Muachie mtoto stempu.

Dorcus nimemuuliza habari ya likizo ya mwakani. Kasema, "Shosho, mwaka huo siendi mahali mpaka msichana ajibu." Kwa hiyo sanduku lina mtu.

Bibi yako, Masuda